Faili la marehemu mezani: Vikao vinavyomfundisha daktari anayesomea ubingwa

Saa mbili asubuhi, ukumbi mdogo wa jengo la wazazi umeshajaa. Mabingwa wameketi mbele. Nyuma yao wako madaktari wanaosomea ubingwa, wale wanaoitwa marezidenti, kisha madaktari wa mafunzo kwa vitendo, wakunga, mtaalamu wa usingizi na mtu wa benki ya damu. Aliyesimama ni rezidenti wa mwaka wa pili. Ametoka zamu ya usiku, na anasoma faili ambalo jina la mwenyewe limefichwa.

Mama wa miaka 27, mimba ya tatu, aliletwa kwa rufaa kutoka kituo cha afya saa 4:10 usiku. Alijifungua saa 5:40, mtoto akalia. Saa 6:05 iliandikwa kwamba damu inayotoka ni "kiasi". Saa 6:50 mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika. Saa 7:15 daktari wa zamu aliitwa. Saa 7:35 damu iliombwa. Saa 8:50 ilifika chupa moja. Saa 9:30 mama alifariki.

Kisa hiki si cha hospitali fulani. Kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vikao vya aina hii, ili msomaji aone vinavyokwenda bila kufichuliwa mgonjwa wala mtumishi.

Rezidenti akimaliza kusoma, ukumbi hunyamaza kidogo. Kisha mtu atauliza swali la kwanza, na kikao kizima kitafuata mkondo wa swali hilo. Anaweza kuuliza: nani alikuwa zamu? Au anaweza kuuliza: kati ya saa 6:05 na saa 6:50 wodini kulikuwa na nini, hata dakika 45 zikapita bila mtu kumpima mama huyu?

Swali la kwanza litampata mkosaji ndani ya dakika tano. La pili litachukua saa nzima. Huenda likaonyesha kwamba mkunga mmoja alikuwa na wazazi sita, kwamba mashine ya presha ilikuwa moja na iko upande wa pili wa wodi, na kwamba rezidenti alikuwa thieta akisaidia upasuaji mwingine. Huenda pia likaonyesha uzembe. Lakini ni hilo la pili tu linaloweza kumsaidia mama atakayeletwa usiku unaofuata.

Mbuni wa Boston

Wazo la kuweka matokeo mabaya mezani lina zaidi ya miaka mia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji katika Massachusetts General Hospital mjini Boston, Marekani, alianza kutunza kadi ya kila mgonjwa aliyempasua. Mgonjwa akisharudi nyumbani, Codman alimfuatilia kwa muda mrefu, kisha akaandika kwenye kadi: amepona? Kama hakupona, ni kwa nini?

Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo. Mwaka 1914 akaacha kazi Massachusetts General, akipinga utaratibu wa kuwapandisha madaktari kwa wingi wa miaka kazini badala ya matokeo ya wagonjwa wao. Kati ya 1911 na 1916, wagonjwa 337 waliruhusiwa kutoka katika hospitali yake. Codman aliorodhesha makosa 123 na kuyachapisha, pamoja na yale ya mkono wake mwenyewe.

Wenzake hawakulipokea wazo hilo vizuri. Januari 1915, katika mkutano wa madaktari mjini humo, alifunua katuni kubwa ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akitaga mayai ya dhahabu. Kila aliyekuwemo alielewa mbuni ni nani na mayai ni ya nani. Codman alipoteza uenyekiti wa kundi la wapasuaji, akapoteza na marafiki. Alifariki mwaka 1940 na kuzikwa bila jiwe la kaburi. Jiwe liliwekwa mwaka 2014, wakati hospitali nyingi za Marekani zilikuwa zikiendesha kwa ratiba vikao vya kujadili vifo na madhara ya matibabu, jambo lililokuwa sharti katika mafunzo ya upasuaji nchini humo tangu miaka ya 1980.

Kwa upande wa uzazi, Uingereza na Wales zilianza mwaka 1952 kuchunguza vifo vya wajawazito nchi nzima bila kutaja majina. Afrika Kusini ilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo wa kuzihimiza nchi zichimbe sababu zilizo nyuma ya takwimu. Tanzania ina mwongozo wa mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga tangu 2006, na ule wa 2015 uliongeza jambo zito: kila mapitio yazae hatua, na hatua zifuatiliwe.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Wataalamu wake walipitia mafaili ya wanawake 484 waliofariki mwaka 2014 kwa sababu zinazohusiana na uzazi, wengi wao katika hospitali kubwa. Ripoti iliyotoka ilisema jambo ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona tu.

> Zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 walipata huduma yenye upungufu ambao, usingekuwepo, huenda mambo yangekwenda vingine.

Msomaji atakuwa amegundua kwamba kuna vikao vya aina mbili. Kimoja ni cha idara: cha wapasuaji, cha watoto, cha magonjwa ya ndani, ambacho shabaha yake kubwa ni mafunzo. Kingine ni cha kamati inayotakiwa na wizara kwa vifo vya uzazi. Katika hospitali nyingi za rufaa watu ni wale wale na ukumbi ni ule ule, na rezidenti ndiye anayesimama katika vyote viwili.

Ambayo vitabu havimfundishi

Anayesomea ubingwa nchini Tanzania hukaa miaka mitatu au zaidi kwenye mafunzo hayo. Vitabu humfundisha dozi ya magnesiamu salfeti kwa mwenye kifafa cha mimba. Kuna mambo ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha, na sioni mahali pengine pa kuyapata isipokuwa mbele ya faili la mgonjwa aliyemhudumia yeye mwenyewe.

La kwanza ni kupanga saa. Kabla ya kikao, rezidenti anakusanya faili, kitabu cha wodi, daftari la thieta na daftari la benki ya damu, kisha anapanga kila tukio kwa dakika yake. Ndipo mapengo yanapojitokeza. Kwenye kisa chetu, mjadala wote wa ni dawa gani ingetumika hautafika popote bila kugusa dakika 75 zilizopita tangu damu iombwe hadi ifike.

La pili ni kutenganisha kilichojulikana usiku ule na kinachojulikana asubuhi. Ukishajua mwisho wa hadithi, kila dalili ya mwanzo inaonekana wazi kama mchana. Mwenyekiti mzuri wa kikao humzuia anayesema "ilikuwa dhahiri" na kumtaka aeleze: kwa taarifa zilizokuwepo saa 6:50, wewe ungefanya nini?

La tatu ni kuijua akili yake inavyomdanganya. Wodi ya watoto ina mfano unaojulikana sana katika ukanda wetu. Mtoto ana homa kali na degedege, kipimo cha malaria kinasoma chanya, na hapo akili ya daktari inatulia. Dawa ya malaria inaanzishwa. Siku ya tatu inabainika kwamba alikuwa pia na homa ya uti wa mgongo. Kipimo hakikukosea, vimelea vilikuwemo kweli. Kilichokosekana ni daktari kujiuliza kama kuna kingine. Rezidenti anaweza kusoma onyo hilo kitabuni mara nyingi lisimwingie. Akilikuta kwenye faili lenye mwandiko wake mwenyewe, haitakuwa rahisi kulisahau.

La nne ndilo gumu kuliko yote, na linahusu malezi yetu. Katika jamii zetu mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Adabu hiyo, ambayo nyumbani ni njema, usiku wa manane wodini inaweza kuua. Rezidenti anaogopa kumpigia bingwa saa nane usiku, asije akaonekana hajiwezi. Mkunga mwenye miaka 20 kazini anaona hatari mapema kuliko wote, lakini daktari kijana ameshasema "tusubiri kidogo, Sista", naye anasubiri. Kwenye kikao, mtu anapopata ujasiri wa kusema "nilichelewa kupiga simu kwa sababu niliogopa", hospitali imepata habari ambayo hakuna fomu ingeweza kuileta.

Na ujasiri huo unaanzia juu. Rezidenti hawezi kukiri lolote mbele ya mabingwa ambao hawajawahi kukiri lolote. Kama ningepewa nafasi ya kupendekeza jambo moja kwa wakuu wa idara, ningependekeza hili: angalau mara moja kila muhula, anayesimama mbele na faili awe bingwa, na kisa kiwe cha kwake.

Neno "kiasi" na turubai lenye vipimo

Turudi kwenye neno lililoandikwa saa 6:05. Kukadiria kwa macho damu inayomtoka mzazi ni kazi inayowashinda hata wazoefu. Damu inanyonywa na vitenge, inamwagika sakafuni, inachanganyika na maji ya uzazi, na mara nyingi makadirio huwa chini ya hali halisi.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulilifanyia kazi tatizo hilo katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Ulihusisha hospitali 80 na wanawake zaidi ya 200,000. Mzazi aliwekewa turubai la plastiki lenye alama za vipimo, damu ikakusanywa na kusomwa kama maji kwenye jagi. Ikifika kiwango cha hatari, matibabu yote yanaanza kwa mkupuo: kukandwa mfuko wa uzazi, oksitosini, dawa ya kuzuia damu, dripu na uchunguzi. Katika hospitali zilizotumia utaratibu huo, kutokwa na damu nyingi kulitambuliwa kwa wanawake 93 katika kila 100 waliokuwa na tatizo hilo. Kwingine ni 51 tu. Matokeo mabaya kabisa, yakiwemo vifo, yalipungua kwa asilimia 60.

Kikao kinachouliza nani alikosea kingeishia kumwonya mkunga aliyeandika "kiasi". Kinachouliza ni nini kilichokosekana kina nafasi ya kufika kwenye turubai.

Ifakara, nchini Tanzania, wana historia yao katika jambo hili la kubadili utaratibu badala ya kumtafuta mkosaji. Hospitali ya Mtakatifu Francis ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya WHO. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kilichofanya kazi ni karatasi moja, na timu iliyokubali kusimama na kuulizana kwa sauti kabla ya kisu kushika ngozi.

Lawama na uwajibikaji

Miongozo ya mapitio ya vifo inasisitiza mambo matatu: bila jina, bila lawama, bila aibu. Kwenye karatasi hakuna anayeyapinga. Nje ya ukumbi hali ni nyingine.

Si mara moja tumesikia kiongozi akifika hospitalini baada ya mama kufariki, na kabla jua halijazama watumishi wa zamu wamesimamishwa kazi. Wananchi hushangilia, na ni haki yao kuwa na hasira. Lakini watumishi waliobaki hujifunza somo lao pia. Mafaili huanza kupungua kurasa. Presha ambayo haikupimwa huonekana imepimwa, tena kwa namba nzuri. Wagonjwa mahututi hukimbizwa kwa rufaa dakika za mwisho ili wasifie mikononi mwa mtu. Hospitali iliyofika hapo haina tena cha kujadili, kwa sababu haina tena rekodi ya kweli.

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kuipuuza. Ndugu wa marehemu wanauliza: kama hakuna jina na hakuna lawama, nani atawajibika? Wanaona madaktari wakijifungia ukumbini na kutoka kimya, na wanahitimisha kwamba wanalindana. Wako wanaojua kwa hakika kwamba mpendwa wao alidaiwa fedha kwanza, au kwamba aliyetakiwa kuwa zamu hakuwepo.

Mimi naona pande hizi hugongana pale tu zinapolazimishwa kupita mlango mmoja. Aliyedai rushwa, aliyekuja kazini amelewa, aliyetoroka zamu: hao hawahusiani na kikao cha mafunzo. Wana vyombo vyao, kuanzia mwajiri wao hadi Baraza la Madaktari Tanganyika na mabaraza mengine ya kitaaluma, na vyombo hivyo vifanye kazi yake waziwazi. Ila daktari aliyechelewa kutambua hatari huku akihudumia watu wengi peke yake anahitaji kikao, na hospitali inamhitaji aseme kweli. Ukimpeleka huyu kwenye mlango wa yule, unapoteza ukweli wa wote wawili.

Kuna pia malalamiko madogo ya marezidenti wenyewe, kwamba kikao huongezwa juu ya zamu ya saa nyingi na mtu anasimama mbele ya watu akiwa na usingizi. Hilo halihitaji mjadala mrefu. Kikao kipangwe siku ambayo msemaji hakukesha.

Azimio lisilo na mwenyewe

Penye udhaifu mkubwa kuliko pote ni mwisho wa kikao. Saa tatu na nusu inagonga, watu wanatazama simu, katibu anaandika maazimio haraka.

> "Elimu itolewe kwa watumishi" ni azimio rahisi kuliko yote kuandikwa. Halina gharama, halina tarehe, halina mwenyewe.

Kwenye kisa chetu, nani atapewa elimu ili damu isichukue dakika 75? Huenda benki ya damu iko jengo jingine na usiku hakuna wa kutumwa. Huenda fomu inahitaji saini ya mtu ambaye yuko thieta. Kinachohitajika hapo ni chupa chache za dharura zitunzwe karibu na wodi ya wazazi, na uamuzi wa nani anaruhusiwa kuzitoa bila kusubiri saini. Huo ni uamuzi wa mganga mfawidhi, si wa rezidenti. Asipokuwepo kikaoni, au asipoletewa karatasi yenye tarehe na jina la mtekelezaji, kifo hicho kitajadiliwa tena miezi michache baadaye kwa jina jingine.

Marezidenti huzunguka idara. Daktari wa mafunzo kwa vitendo hukaa mwaka mmoja na kuondoka. Kwa hiyo funzo lililobaki vichwani mwao linaondoka nao. Wataokoa wagonjwa kwingine, ambayo ni heri, ila wodi ile inabaki ilivyokuwa. Funzo hubaki hospitalini likiwa limeingia kwenye friji ya damu, kwenye ratiba, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, au kwenye mazoezi mafupi ya kila wiki juu ya mdoli, kama yale ya mpango wa Safer Births yaliyofanywa katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania na kuambatana na kupungua kwa vifo vya watoto wachanga.

Na wako wasioalikwa. Mama yule aliletwa kutoka kituo cha afya. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza machelewesho matatu yanayoua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hospitali ya rufaa ikikaa peke yake inajadili la tatu tu, na lawama za la pili inamtupia yule asiyekuwepo. Tanzania sasa ina mfumo wa m-mama, ambapo simu ya bure namba 115 humtafutia mjamzito au mzazi gari la dharura. Simu hiyo hiyo inayomleta mgonjwa ina saa na dakika zake. Muuguzi wa kituo akialikwa kikaoni, hata kwa njia ya simu tu, picha ya usiku ule inakamilika, naye anarudi na majibu badala ya fununu.

Wapo walionusurika

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wajawazito kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Kadiri vifo vinavyopungua, ndivyo kila kimoja kinavyoweza kupewa muda wa kutosha, na ndivyo hospitali zinavyoweza kugeukia kundi jingine lenye mengi ya kufundisha: wanawake walionusurika kwa chupuchupu.

WHO ina utaratibu wa kuwachambua hao pia. Ni wengi kuliko waliofariki, hivyo mwenendo unaonekana mapema zaidi. Hofu inapungua, kwa sababu hakuna msiba. Timu inapata nafasi ya kujua nini ilifanya vizuri, kitu ambacho rezidenti aliyechoka anakihitaji sana. Na zaidi ya yote, mgonjwa yupo. Anaweza kueleza kwamba alimwita mtu mara mbili kabla hajasikilizwa, au kwamba alihisi kiza machoni muda mrefu kabla mashine haijasema lolote. Sauti hiyo haimo katika faili lolote.

Ndugu wanastahili nini

Uingereza ilianza kutumia mwaka 2018 chombo cha kitaifa cha kupitia vifo vya watoto wachanga ambacho kinataka wazazi waulizwe maswali yao kabla ya mapitio, na wapewe majibu baada yake. Sioni kwa nini hospitali zetu zisifanye hivyo, kwa vifo vya watoto na vya mama zao. Haihitaji mashine. Inahitaji chumba chenye viti vinne, bingwa mmoja na mkunga mmoja, na miadi iliyopangwa baada ya arobaini au wakati ambao familia itaona unafaa.

Maswali ya ndugu kwa kawaida si mengi. Aliteseka? Alikuwa na mtu karibu yake? Mdogo wake naye ni mjamzito, je, jambo hili ni la ukoo? Rezidenti aliyeandaa kikao ndiye anayelijua faili lile kuliko mtu yeyote hospitalini. Aingie naye chumbani, akae pembeni ya bingwa, na asikie maswali hayo yanavyojibiwa.